Nyimbo Geuzwa za Watoto: Utanzu Tulioufuta kwa Mikono Yetu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa tasnifu ya uzamili iliyohusu nyimbo za watoto wa shule za msingi. Mtafiti wake alikuwa kijana mwangalifu, mwenye subira na watoto, na alirudi kutoka uwandani na madaftari matatu yaliyojaa. Mwishoni kabisa mwa kiambatisho cha rasimu yake ya kwanza alikuwa ameweka nyimbo kumi na moja chini ya kichwa "Nyimbo Zilizoharibiwa". Zilikuwa nyimbo ambazo kila mtu anazijua, za kukaribisha wageni, za mchakamchaka, za kanisani na za matangazo ya redio, ila maneno yake yalikuwa yamebadilishwa na watoto wenyewe yakawa ya kipuuzi: chapati mahali pa taifa, panya mahali pa mgeni rasmi, mwalimu mkuu akitumbukia ndani ya sufuria ya uji. Nilimshauri aziondoe. Nilimwambia kwamba hazikuwa fasihi bali uharibifu wa fasihi, kwamba watahini wangemcheka, na kwamba kurasa zile nne zingeifanya kazi nzima ionekane ya mzaha. Akaziondoa. Tasnifu ikapita bila marekebisho makubwa, nami nikapongezwa kwa usimamizi mwema.

Leo naamini kwamba kurasa nne zile ndizo zilizokuwa na jambo jipya katika tasnifu ile. Sehemu nyingine zote zilirudia, kwa mifano mingine, yale yaliyokwisha kusemwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nilikosea, na kwa nini naamini kwamba kosa hilo si langu peke yangu bali ni la taaluma yetu kwa jumla.

Kwanza jina. Wapo wanaolitumia neno parodi, na sina ugomvi nalo. Ila watoto wenyewe husema "kugeuza wimbo", na msemo huo unafaa zaidi kwa sababu unataja kitendo chenyewe. Ningependa kusema "wimbo pindu", lakini pindu ni jina ambalo wanaarudhi walikwisha kulichukua kwa kazi nyingine. Basi katika makala haya tutasema wimbo geuzwa, na ule uliogeuzwa tutauita wimbo-mama.

Wimbo geuzwa lazima utofautishwe na wimbo uliosikiwa vibaya. Katika shule nyingi za chekechea zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo zimeongezeka sana nchini Tanzania tangu miaka ya 1990, mtoto wa miaka minne huimbishwa maneno asiyoyaelewa hata moja, naye huyajaza kwa maneno ya Kiswahili yanayofanana nayo kwa sauti. Mzazi akisikia hucheka, lakini mtoto hachekeshi. Yeye anaimba kwa dhati kile anachodhani kuwa ndicho. Hilo ni suala la fonolojia, na lina utamu wake. Wimbo geuzwa ni kinyume chake. Anayeugeuza anaujua wimbo-mama neno kwa neno, na anajua kwamba wasikilizaji wake pia wanaujua. Kicheko hutoka katika umbali baina ya kinachotarajiwa na kinachosikika. Mahali ambapo wimbo-mama haujulikani, wimbo geuzwa hauchekeshi, nao hubaki maneno ya ovyo tu.

Ili tuone kazi inayofanyika hapa, tuchukue mfano. Mistari ifuatayo si data ya uwandani. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata namna ya nyimbo zile zinazoimbwa shuleni siku ya kilimo:

Shamba letu la shuleni
tulilime kwa bidii.

Ni mizani nane kwa nane, na maneno yake hayana la kushangaza. Sasa tuugeuze kwa njia ya kwanza, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote:

Shamba letu la shuleni
tulilie kwa bidii.

Imedondoshwa konsonanti moja tu. Tulilime imekuwa tulilie. Kulima kumekuwa kulilia. Mizani haikupungua, kina hakikuguswa, na lahani haihitaji kubadilishwa hata kidogo. Mwalimu aliyesimama mbali hawezi kabisa kuusikia mgeuzo huo, na hiyo ni sehemu ya utamu wake: watoto arobaini wanaimba wimbo mmoja, na wanane kati yao wanaimba mwingine, na wanane hao wanajuana. Njia ya pili ni ya mtoto mwenye ujasiri zaidi:

Chapati yangu shuleni
ililiwa kwa bidii.

Hapa karibu kila neno limebadilika, lakini mizani ni nane zile zile, na silabi li-li za katikati zimebakia mahali pake kana kwamba zimepigiliwa msumari. Zaidi ya hayo, maneno "kwa bidii" hayakuguswa. Mtunzi angeweza kusema "kwa haraka" au "kwa ulafi", nayo yangeleta maana ya wazi zaidi. Hakufanya hivyo. Neno bidii ni neno la mwalimu, la ukutani, la ripoti ya mwisho wa muhula, na ni hilo linalochekesha likiwekwa juu ya chapati iliyoibwa. Anayegeuza wimbo huchagua cha kubadilisha, lakini ustadi wake hasa huonekana katika kile anachokiacha.

Tunawafundisha wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza urari wa vina na mizani kwa majuma kadhaa, na bado wapo wanaotuletea mishororo ya mizani saba na tisa katika shairi moja. Mtoto wa darasa la pili hafundishwi. Wimbo wake ukizidi silabi moja, wenzake wanajikwaa wanapouimba, na kesho yake hakuna anayeuimba. Hakuna mhakiki mkali kuliko huyo.

Kornei Chukovsky, mwandishi wa Kirusi aliyechunguza lugha ya watoto kwa miaka mingi katika kitabu chake kijulikanacho kwa jina la Kutoka Miaka Miwili hadi Mitano, alisimulia jinsi binti yake ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili alivyomjia akiwa na uso wa kichokozi na kumwambia kwamba mbwa analia kama paka. Chukovsky aliona kwamba mtoto yule hakuwa amekosea. Alikuwa amekwisha kujifunza kwa shida kwamba kila mnyama ana mlio wake, na sasa alikuwa na hakika ya kutosha kuweza kuuchezea ujuzi huo. Mtoto asiyekuwa na hakika hapindui kitu, hushikilia. Hoja hiyo ilikuwa na uzito katika Urusi ya Kisovieti ya miaka ya 1920, ambapo walikuwapo walezi na wahakiki walioamini kwamba hadithi za kubuni na mashairi ya kipuuzi humpotosha mtoto asiujue ulimwengu ulivyo. Chukovsky aliwajibu kwamba upuuzi wa aina hiyo ni mtihani ambao mtoto anajitungia mwenyewe na kuufaulu.

Tukikubali hoja hiyo, na kwa maoni yangu ni vigumu kuikataa, basi mtoto anayeugeuza wimbo wa taifa ndiye anayeujua wimbo wa taifa. Wale wanaotikisa midomo tu mstarini hawana cha kugeuza.

Nimeutaja wimbo wa taifa kwa makusudi. Wako watakaosema kwamba kuchukua lahani ya wimbo unaoheshimiwa na kuutia maneno mengine ni dharau kwa asili yake. Lakini historia ya nyimbo zetu tunazozisimamia wima ni historia ya kitendo hicho hicho. Lahani ya wimbo wa taifa wa Tanzania ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, ikiwa ni ya wimbo wa dini kwa lugha ya Kixhosa. Tumeitia maneno yetu ya Kiswahili na hakuna aliyelalamika. Mfano wa Kenya unatugusa zaidi. Mwaka 1963, wimbo wa taifa la Kenya ulipotayarishwa, lahani iliyochaguliwa ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Wimbo wa mtoto ulivuliwa maneno yake ukavikwa mengine yaliyo mazito, ukapigwa na bendi ya jeshi. Watu wazima walipougeuza wimbo wa watoto tuliita kujenga taifa. Watoto wanapougeuza wimbo wa watu wazima tunaita utovu wa nidhamu. Kimuundo sioni tofauti. Tofauti iliyopo ni ya mamlaka, na mtaalamu wa fasihi simulizi anapaswa kuieleza, si kuitumia kama kigezo cha kuamua lipi ni fasihi na lipi si fasihi.

Wala si taifa peke yake. Vitabu vya nyimbo vya makanisa yetu vimejaa lahani za Kijerumani na Kiingereza zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na baadhi ya maneno hayo yanalemea vibaya sana kwa kuwa mkazo wa neno la Kiswahili haukubaliani na pigo la muziki. (Katika jambo hilo watoto wamewashinda wamisionari kwa mbali.) Washairi wetu nao, wanapolumbana, anayejibu hufuata bahari ya mwenziwe na mara nyingi hata vina vyake, ili msikilizaji alisikie shairi la kwanza ndani ya la pili; huwezi kumjibu mtu kwa ukamilifu bila ya kumshika kwa kamba zake mwenyewe. Na ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilikuwa nini kama si kuigeuza bendi ya kijeshi ya wakoloni, pamoja na vyeo na sare zake, iwe mali ya vijana wa Lamu, Mombasa na Tanga? Mtoto anayegeuza wimbo hajatoka nje ya utamaduni wa Waswahili. Amesimama katikati yake.

Nami nilikuwa mtoto huyo. Nilisoma shule ya msingi katika miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kutaka kila mtoto apate elimu ya msingi, wakati madarasa yalipofurika na mchakamchaka ukaanza kabla jua halijapanda. Kiranja alikimbia mbele akianzisha, sisi nyuma tukiitikia. Mstari ulikuwa mrefu kiasi kwamba kiitikio kilichokuwa cha siasa mbele kilipofika mkiani kilikwisha kuwa cha mihogo. Siku moja mwalimu wa zamu alijificha nyuma ya mnyaa, akatusikia. Tulichapwa fimbo nne kila mmoja mbele ya mstari mzima. Kilichonibakia moyoni si maumivu ya fimbo. Ni swali la mwalimu yule, ambaye alimtaka kila mmoja wetu aseme nani aliutunga. Hatukuweza kumjibu, naye alidhani tunamficha mtu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu. Mmoja alileta mihogo, mwingine siku nyingine akaleta jina la mbwa wa mwalimu, wa tatu akaliondoa kwa kuwa lilikuwa refu mno. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisoma kwamba sifa mojawapo ya fasihi simulizi ni kuwa mali ya jamii isiyokuwa na mtunzi mmoja. Niliinakili sentensi hiyo daftarini bila ya kuukumbuka mnyaa ule.

Maneno tuliyoyaimba siyaandiki hapa. Si kwa haya. Nimejaribu kuyaandika, na yakiwa juu ya karatasi hayana kitu: yanahitaji pumzi inayokatika, vumbi, na mwalimu aliye mita sitini mbele. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989, alipendekeza kwamba uainishaji uzingatie umbile na tabia ya kazi inayohusika, pamoja na muktadha na namna ya uwasilishwaji wake kwa hadhira. Tumekuwa tukiyanukuu maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini tunapofika kwa watoto tunasahau kigezo cha pili. Vitabu vyetu vingi vya kiada vinagawa nyimbo za watoto mafungu mawili: bembelezi, na nyimbo za michezo, ambazo baadhi ya waandishi wa Kenya huziita chekechea. Bembelezi huimbwa na mama au yaya. Mtoto hapo ni hadhira, tena hadhira inayotarajiwa kulala. Nyimbo za michezo, kama zile za mchezo wa ukuti, ni za watoto kweli, lakini ndizo ambazo watu wazima wanazikumbuka na kuzipenda, na mtafiti akifika kijijini ndizo mwalimu anazowapanga watoto wamwimbie. Fungu la tatu, lile ambalo kuwapo kwake kunategemea mtu mzima asiwepo, halimo.

Upungufu huu si wetu peke yetu. Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa cha fasihi simulizi ya Kiafrika cha mwaka 1970, aliwatengea watoto sura moja, naye pia akaanza na bembelezi. Walioziba pengo hilo kwao ni Iona na Peter Opie wa Uingereza, ambao mwaka 1959 walitoa kitabu juu ya mapokeo na lugha ya watoto wa shule kutokana na habari za watoto wapatao 5,000 wa shule 70. Walisisitiza tofauti ambayo kwetu bado haijakaa vizuri: kwamba nyimbo za kitalu humfikia mtoto kutoka kwa mtu mzima, ambaye huzichagua na kuzikubali, ilhali nyimbo za uwanjani humfikia kutoka kwa mtoto mwenziwe, na sehemu ya nguvu yake ni kwamba mtu mzima hatakiwi kuzisikia. Mfano wao mmoja haunitoki akilini. Desemba 1936, Mfalme Edward wa Nane alipokiacha kiti chake kwa ajili ya Bibi Simpson, watoto waliugeuza wimbo mashuhuri wa Krismasi wakamtia bibi huyo ndani yake, na katika majuma machache wimbo huo ulikuwa ukiimbwa katika miji iliyo mbali mbali, ingawa hakuna gazeti wala redio ambayo ingethubutu kuueneza. Hiyo ni habari ya kihistoria ambayo haipatikani katika hifadhi yoyote ya nyaraka za serikali. Sisi tuna ngapi za namna hiyo? Mwaka 1967 lilipotangazwa Azimio la Arusha, miaka ya 1978 na 1979 wakati wa vita vya Kagera, miaka ya uhaba wa sabuni na sukari iliyofuata, watoto wa Tanzania waliimba kila siku asubuhi. Nyimbo-mama tunazo. Zilichapishwa, zilirekodiwa, zimeandikiwa makala. Nyimbo geuzwa zimo vichwani mwa watu ambao sasa wana wajukuu.

Kuna mahali pengine ambapo upungufu huu unatudhuru, nako ni katika tafsiri. Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, mhadhiri wa hisabati huko Oxford, alipoitoa hadithi yake ya Alice mwaka 1865 aliijaza nyimbo geuzwa. Shairi la Isaac Watts la mwaka 1715 linalomsifu nyuki kwa bidii yake aligeuza likawa la mamba mvivu anayewakaribisha samaki kinywani kwa tabasamu. Wimbo wa nyota wa Jane Taylor, uliochapishwa mwaka 1806, ukawa wa popo. Kila mtoto wa tabaka lile aliyajua mashairi hayo, kwa kuwa alikuwa amekaririshwa hata akayachoka. Leo mamba anajulikana kuliko nyuki, na wasomaji wengi wa Kiingereza hawajui tena kwamba kulikuwa na nyuki.

Hadithi hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili mara mbili: Elisi katika Nchi ya Ajabu ya St Lo Conan-Davies, mwaka 1940, na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2015. Kila mtafsiri wa kitabu hiki hukutana na fundo lile lile. Akimtafsiri mamba kwa maneno yake, msomaji wa Kiswahili hupata shairi la mamba, basi. Kicheko kimebaki Uingereza. Njia nyingine ni ile aliyoifuata Vladimir Nabokov alipoitafsiri hadithi hiyo kwa Kirusi mwaka 1923: aliyaacha mashairi ya Waingereza akayageuza mashairi ambayo watoto wa Kirusi walifundishwa shuleni. Njia hiyo ni nzuri, lakini inamdai mtafsiri wa Kiswahili jibu la swali ambalo sisi wataalamu hatujampa: ni matini gani ambayo kila mtoto msemaji wa Kiswahili, wa Unguja, wa Dodoma, wa Nakuru na wa Bukavu, anayajua kwa moyo kiasi cha kuyacheka yakipinduliwa? Jibu rahisi la kukata tamaa ni kwamba hayapo, kwamba Waswahili ni wengi mno na wametawanyika mno. Mimi siliamini. Njia ya kuyajua ni kusikiliza watoto wanageuza nini. Hakuna anayegeuza wimbo usiojulikana, kwa hiyo orodha ya nyimbo geuzwa za mahali fulani ni orodha ya kweli ya fasihi iliyoingia moyoni mahali hapo. Mitaala hutuambia nini kimefundishwa. Nyimbo geuzwa hutuambia nini kimeshika. Nami sitashangaa tukigundua kwamba kilichoshika zaidi leo ni viitikio vya Bongo Fleva na matangazo ya kampuni za simu kuliko mashairi yote ya vitabu vya kiada. Ikiwa ni hivyo, ni afadhali tujue.

Yapo mapingamizi, na moja ni zito. Nyimbo geuzwa nyingi ni chafu. Nyingine ni katili: humtaja mtoto mwenye ulemavu, mtoto wa kabila fulani, mtoto ambaye mama yake anauza pombe. Nimeyasikia hayo, na katika madaftari ya mwanafunzi wangu yalikuwamo. Sitaki kuwapamba watoto kana kwamba kila mmoja wao ni mshairi mwenye hekima anayewadhihaki wakubwa kwa niaba ya wanyonge. Mara nyingi mnyonge ndiye anayechekwa. Lakini tasnifu zetu zimejaa nyiso na nyimbo za unyago zenye maneno ambayo hatuwezi kuyasema mbele ya wakwe, nasi tumezichapa, kwa sababu waliotuimbia walikuwa wazee wenye heshima zao. Utaratibu wa kushughulika na data za namna hiyo tunao: huhifadhiwa kwa ukamilifu, huchapishwa kwa uangalifu, na majina hubadilishwa. Kinachokatazwa ni kumtukana mtoto wa watu mara ya pili kwa kumchapa katika jarida. Kuandika kwamba wimbo ulikuwapo, uliimbwa wapi, na ulifanya kazi gani hakukatazwi, na mtu atakayetaka kuelewa jinsi watoto wanavyomtenga mwenzao hatapata ushahidi mwingine ulio bora zaidi.

Pingamizi jingine ni kwamba nyimbo hizi ni za kupita, zinazaliwa na kufa katika muhula mmoja. Hilo si kweli kwa zote; baadhi hurithiwa na madarasa mengi. Na hata lingekuwa kweli, lingekuwa sababu ya kufanya haraka.

Kwa hiyo nina machache ya kuwaomba wasimamizi wenzangu na wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwenda uwandani. Mtafiti asiwaombe watoto wamwimbie nyimbo zilizogeuzwa. Hakuna mtoto mwenye akili atakayekubali, hasa mwalimu akiwa dirishani. Awaulize watu wazima wanachokumbuka, kwa kuwa kwao hatari imekwisha, kisha aweze kuketi muda mrefu pale watoto walipozoea uwepo wake. Kila anapoandika wimbo geuzwa aandike papo hapo na wimbo-mama wake, pamoja na mahali ulikosikika kwanza: redioni, mstarini, madrasani, kanisani. Mwanafunzi wangu hakufanya hivyo, nami sikumfundisha. Alidhani, kama nilivyodhani, kwamba nyimbo-mama zinajulikana na kila mtu.

Mwaka huu nilimwandikia kumwuliza kama madaftari yale bado yapo. Alijibu kwamba mawili yapo, la tatu liliharibiwa na maji nyumba ilipovuja. Nyimbo zote kumi na moja zimo katika yale mawili, na amekubali kunitumia nakala. Tumezipitia pamoja kwa simu jioni mbili. Kwa nyimbo saba tumeutambua wimbo-mama bila taabu. Kwa nne zilizobakia, mizani ipo, vina vipo, na mahali pa kucheka panaonekana wazi kabisa, lakini wimbo uliokuwa ukichekwa hakuna hata mmoja wetu anayeukumbuka.